Amethisti ndefu kuliko mtu: jinsi inavyoumbika, na jinsi ya kuisoma kabla ya kulipa

Swali la msomaji: "Mimi ni broka wa madini hapa Arusha, nimezoea tanzanaiti na garneti. Shemeji yangu aliyeko Dubai amenitumia picha ya jiwe linalompita urefu. Limepasuliwa kuanzia juu hadi chini, nje ni jeusi kama mwamba wa kawaida, ndani limejaa fuwele za zambarau. Muuzaji anamwambia limetoka Uruguay na kwamba lilizaliwa ndani ya volkeno. Analitaka kwa ajili ya ukumbi wa hoteli. Naomba mnieleweshe: kitu kama hicho kinaumbikaje, kwa nini watu wanakihusudu hivyo, na atazame nini asije akapigwa?"

Ndugu yetu, muuzaji amesema nusu ya kweli. Tundu lilizaliwa ndani ya lava, hapo hajakosea. Fuwele hizo za zambarau, yaani amethisti, zilikuja baadaye sana, mwamba ukiwa umeshapoa kabisa, na kilichozileta ni maji, tena maji ya uvuguvugu tu. Kulijua hilo kuna faida mfukoni. Jeodi, yaani tundu la mwamba lililotandazwa fuwele, hujengwa tabaka kwa tabaka kutoka ukutani kuelekea ndani, na karibu kila kinacholipa jiwe thamani kinaonekana kwenye tabaka hizo. Ujanja mwingi wa kupandisha bei unaonekana hapohapo pia. Kwa hiyo shemeji asianze kukodolea macho zambarau ya katikati. Aanze na ukingo, pale msumeno ulipopita.

Tuanze na tundu lenyewe. Mawe ya Uruguay hutoka mkoa wa Artigas, kaskazini kabisa mwa nchi. Yale ya Brazili hutoka jimbo la Rio Grande do Sul, hasa kuzunguka mji mdogo wa Ametista do Sul. Nchi ni mbili, mwamba ni mmoja. Kiasi cha miaka milioni 134 iliyopita, Amerika ya Kusini na Afrika zilipoanza kuachana, lava ya basalti ilibubujika kupitia nyufa ndefu za ardhi ikafunika eneo la karibu kilomita za mraba milioni moja. Ilimwagika, ikapoa, ikamwagika tena, mpaka katikati ya bonde la Paraná unene wake ukapita kilomita moja. Sehemu nyingine ya lava hiyohiyo ilibaki upande wetu wa bahari. Ndiyo miamba ya Etendeka kule Namibia, na kwenye vilima vya Goboboseb watu wanachimba fuwele za amethisti kutoka matundu ya miamba hiyo.

Magma, yaani mwamba ulioyeyuka ambao bado haujatoka ardhini, ikiwa chini sana hubeba mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka ndani yake. Inapopanda, shinikizo hupungua, gesi hujitenga na mapovu hutokea. Povu likiwa na upana mara mbili ya jingine hupanda kwa kasi mara nne. Makubwa basi huyafikia madogo njiani na kuyameza, na kadiri yanavyokua ndivyo yanavyozidi kukimbia. Wakati huohuo lava inapoa kuanzia juu na kuanzia chini. Mtiririko mwembamba wa mita chache huganda upesi, ukabaki na vitundu vya milimita na sentimita tu. Mtiririko unaobeba jeodi kubwa za Ametista do Sul una unene wa mita 40 hadi 50. Huo huchukua miaka mingi kupoa, na ndani yake mapovu hupata nafasi ya kuungana hadi yanapokutana na lava iliyokwisha kuwa nzito kiasi cha kutoyapisha. Hapo yanakwama. Ndiyo maana matundu makubwa hayakutawanyika ovyo mwambani. Yamejipanga kwenye ukanda mmoja wa mlalo, na mchimbaji akishaupata huo ukanda, anaufuata nao tu.

Povu lililokwama katika hali hiyo huwa na kichwa cha kuba na kitako bapa. Lile kuba unaloliona dukani si la fundi aliyechonga, ingawa fundi akipata umbo baya anaweza kulisaidia kwa grainda. Wafanyabiashara huyaita mawe hayo kathedrali.

Wanajiolojia bado wanabishana kuhusu matundu makubwa kupita kiasi, yale ya mita tatu na zaidi. Wapo wanaosema gesi ya basalti peke yake haitoshi, wakaongeza mvuke uliotoka kwenye mchanga wenye unyevu uliofunikwa na lava. Wapo pia wanaosema maji ya moto yaliigeuza basalti kuwa udongo laini na kulipanua tundu lililokuwepo tangu mwanzo. Sisi tunaona povu ndiyo msingi, kwa sababu kuta ni za mviringo na umbo la kuba linajirudia mgodi baada ya mgodi. Kwamba baadhi ya matundu yaliongezewa nafasi baadaye, hilo linawezekana kabisa.

Sasa njoo kwenye ukingo. Msogeze shemeji hatua kwa hatua, kutoka nje kwenda ndani.

Tabaka la kwanza ni basalti: kijivu cheusi, au kahawia kama imechakaa. Baada yake utaona utando wa kijani, mara nyingi milimita moja au mbili tu. Huo ni seladoniti, udongo mfinyanzi wenye chuma, magnesiamu na potasiamu. Wanunuzi wengi huudharau, wengine hudhani ni rangi ya kupaka au ukungu. Kumbe ndio saa ya jiwe. Kwa kuwa una potasiamu, umri wake unaweza kupimwa kwa kuangalia kiasi cha gesi ya agoni iliyozalishwa ndani yake. Vipimo vya seladoniti ya Brazili vimetoa umri wa karibu miaka milioni 70. Maana yake ni kwamba tundu lilikaa tupu kwa makumi ya mamilioni ya miaka kabla kuta zake hazijaanza kuvishwa. Wapo wanaotetea kwamba ujazaji ulianza mapema zaidi, karibu na wakati wa lava. Ila wote wanakubaliana kwamba kazi ilifanywa na maji, na wengi kwamba joto lake halikufika nyuzi 100 za Selsiasi. Utafiti wa karibuni kule Artigas umelishusha zaidi, kati ya nyuzi 15 na 60. Maji ya kuoga, kwa maneno mengine.

Baada ya utando wa kijani huja akiki, yenye mistari ya kijivu, nyeupe au buluu hafifu, kuanzia milimita chache hadi sentimita kadhaa. Kisha kwatzi isiyo na rangi au yenye weupe wa maziwa. Kisha ndipo zambarau inaanza, na hukolea zaidi kuelekea kwenye ncha. Juu ya zambarau yanaweza kuota madini ya mwisho: kalsaiti nyeupe au ya manjano, jasi, au sindano za kahawia za gothaiti.

Akiki, kwatzi na amethisti ni kitu kimoja kikemia, yaani silika, muungano wa silikoni na oksijeni. Tofauti ya sura inatokana na wingi wa silika majini na kasi ya kuganda. Maji yanapokuwa yamezidiwa na silika, mbegu za fuwele hutokea nyingi mno kwa wakati mmoja. Kila moja hukosa nafasi, na matokeo yake ni nyuzi ndogo zisizoonekana kwa jicho: hiyo ndiyo akiki. Silika ikipungua, mbegu mpya huwa chache na zile zilizopo hukua taratibu. Hapo huanza kinyang'anyiro. Fuwele iliyolala upande hugonga jirani yake ikaishia hapo, iliyosimama wima ukutani huendelea. Ukiwa na lenzi ya kukuza mara kumi utaliona hili wazi kwenye ukingo uliosafishwa: karibu na akiki fuwele ni nyingi na nyembamba, sentimita moja mbele zimepungua, na zinazofika juu ni chache na pana. Kwa sababu zimebanana ubavu kwa ubavu, kinachoonekana ndani ya jeodi ni ncha tu, zile piramidi za nyuso sita. Kiwiliwili cha fuwele kimefichwa.

Silika hiyo ilitoka wapi? Basalti ya pale ina kiasi kikubwa cha kioo cha volkeno kilichobaki katikati ya chembe zake, na kioo huyeyuka kwa urahisi kuliko madini mengine. Chini ya lava pia kuna mchanga mgumu wa jangwa la kale, unaoitwa Botucatu, ambao leo ni sehemu ya hifadhi kubwa ya maji ya Guaraní. Maji yalipita kwenye nyufa, yakabeba silika kidogo sana, yakaingia tunduni, yakaacha chembe, yakatoka. Piga hesabu: tukikadiria kwamba kila lita iliacha miligramu 20, basi tani moja ya fuwele inahitaji lita milioni 50. Hayo ni maboza 5,000 ya lita 10,000 kila moja, yakipita kwenye ufa ambao pengine usingeingiza kucha. Ufa ukiziba mapema, jeodi hubaki na ganda jembamba lisilo na maana. Maji yakibadilika ghafla, tabaka la zambarau hukatizwa na mstari mweupe. Jeodi kamili, yenye fuwele nene na rangi sawasawa kutoka kitako hadi kilele, ina maana kwamba hali ya maji haikuyumba kwa muda mrefu mno. Ukiuliza kwa nini wakusanyaji wanalihusudu jiwe hili, hiyo ni sababu ya kwanza, na kwa maoni yetu ndiyo kubwa.

Rangi inahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni chuma: atomi chache za chuma, makumi hadi mamia machache kwa kila milioni, hukaa mahali pa silikoni ndani ya fuwele. Chuma peke yake hakitoshi, fuwele hubaki karibu haina rangi. Cha pili ni mionzi ya gama inayotoka kwenye potasiamu na elementi nyingine za mionzi zilizomo mwambani. Kidogo kidogo, kwa mamilioni ya miaka, mionzi hiyo hung'oa elektroni kwenye chuma, na chuma kilichobadilika hivyo hunyonya mwanga wa manjano na kijani. Kinachobaki kurudi machoni ni zambarau. Mgeni wa hoteli akiuliza kama jiwe lina mionzi, jibu ni kwamba halina ya kuogopa. Lilipigwa mionzi na mwamba, lenyewe haliitoi.

Hapa wewe wa Arusha utaelewa upesi kuliko wengi. Moto unaoigeuza zoisaiti ya kahawia kuwa tanzanaiti ya buluu ndio adui wa amethisti. Ukiipasha, rangi hupauka, na kwenye nyuzi 400 hadi 500 hugeuka njano au chungwa. Sehemu kubwa ya "sitrini", yaani kwatzi ya manjano, inayouzwa ikiwa kwenye makathedrali ni amethisti hafifu ya Brazili iliyopikwa. Utaitambua kwa ncha zenye rangi ya chungwa iliyoungua na vitako vyeupe visivyopenyeza mwanga. Sitrini ya asili haimei kwa namna hiyo ndani ya jeodi za basalti. Kuipika si kosa. Kosa ni kuiuza kama ya asili, na kuitoza bei ya asili.

Kuhusu Uruguay na Brazili, soko lina usemi wake na kwa jumla ni wa kweli: Artigas hutoa rangi nzito zaidi, fuwele ndogo zilizobanana, na tabaka la akiki linaloonekana. Ametista do Sul hutoa maumbo makubwa, fuwele pana, na rangi kuanzia hafifu hadi nzuri sana. Lakini jina la nchi halina dhamana. Lipo jiwe la Brazili linalolizidi la Uruguay, na wapo wauzaji wanaobandika "Uruguay" kwenye kila kilichokolea. Alipie anachokiona.

Kabla ya karne ya 19 amethisti safi ilihesabiwa pamoja na zumaridi na yakuti. Mwishoni mwa miaka ya 1820 wahamiaji wa Kijerumani, wengine wakitoka Idar-Oberstein, mji wa mafundi wa akiki, waliziona akiki za Rio Grande do Sul. Baada ya muda meli zikaanza kupeleka mawe Ujerumani. Amethisti ilipoanza kufika kwa tani, bei ya kito chake ilianguka na haijarudi. Kwa hiyo asinunue kathedrali akiwaza vito vya kukata. Fuwele za jeodi nyingi zina nyufa za ndani na rangi yenye mabaka, na ukizing'oa umeharibu kilichokuwa na thamani. Mkusanyaji hulipia kitu kizima: ukubwa, umbo, rangi, na ukweli kwamba kimetoka ardhini bila kuvunjika.

Na ukubwa unaweza kufika mbali. Ile inayojulikana kama Empress of Uruguay, iliyotoka Artigas na sasa ipo Atherton, Queensland, Australia, ina urefu wa mita 3.27 na uzito wa tani 2.5. Jumba la makumbusho la American Museum of Natural History mjini New York lilipofungua upya kumbi zake za madini Juni 2021, liliweka mlangoni jeodi mbili kutoka mgodi wa Bolsa, Artigas, kubwa ikiwa na takriban mita 3.7. Kule Ametista do Sul kwenyewe, kuta za kanisa la São Gabriel zimepambwa kwa takriban tani 40 za amethisti.

Kuzitoa hizo ardhini ndiko kunakoua nyingi. Brazili wachimbaji huingia kwa mapango ya mlalo ubavuni mwa mlima, yenye kimo cha kutosha mtu kusimama, wakifuata ule ukanda. Basalti hutobolewa kwa drili ya upepo na kulegezwa kwa baruti ya kiasi. Wakilihisi tundu, hutoboa kishimo chembamba, hupenyeza taa ndogo na kuchungulia. Kama ndani ni nyeupe au ganda ni jembamba, huliacha. Kama rangi ni nzuri, baruti inawekwa pembeni, na kazi hubaki ya tindo na nyundo kuizunguka jeodi na koti lake la basalti. Baruti ikiwa karibu mno, mtikisiko hukata fuwele shingoni zikamwagika chini ndani ya tundu, na ganda hupata ufa ambao utaonekana siku ya kukata. Vumbi la kazi hii ni silika, nalo huharibu mapafu ya wachimbaji kule kama linavyoharibu ya wachimbaji wa Mererani. Kutoboa kwa maji si anasa, ni uhai wa watu.

Jeodi ikishatoka, mgongo wake hupakwa saruji kabla ya kukatwa. Wanunuzi wengi hulichukulia hilo kama udanganyifu. Sivyo. Ganda laweza kuwa na sentimita tatu hadi tano tu, na basalti iliyoshikana nalo huwa na nyufa. Bila saruji, msumeno ungelipasua. Kisha hukatwa kwa diski ya almasi, maji yakimwagika muda wote, ukingo hupigwa msasa kuanzia mkwaruzo mkubwa hadi mng'aro, na mgongo hupakwa rangi nyeusi, kijivu au kijani.

Tatizo linakuja kwenye mizani, kwa sababu makathedrali huuzwa kwa kilo. Saruji ya unene wa sentimita moja kwenye eneo la mita moja ya mraba ni kama kilo 21. Jiwe la mita moja na nusu lenye mgongo wa mita mbili za mraba, likipakwa sentimita tatu, limebeba zaidi ya kilo 120 za saruji, na shemeji atazilipia kwa bei ya amethisti. Apime. Ukingoni achukue rula na kuandika: saruji kiasi gani, basalti kiasi gani, akiki na kwatzi nyeupe kiasi gani, zambarau kiasi gani. Afanye hivyo sehemu tatu, yaani kilele, ubavu na karibu na kitako. Zambarau ikiwa na sentimita mbili au zaidi kila mahali na saruji haizidi moja, hiyo ni biashara ya haki. Muuzaji anayekataa rula isogee ukingoni ameshajibu.

Ukaguzi uliobaki aufanye mchana, jiwe likiwa nje ya taa za duka. Taa kali za juu hufanya rangi hafifu ionekane nzito, na maji au mafuta yaliyopakwa kwenye fuwele hufanya hivyohivyo. Afute ncha kadhaa kwa karatasi nyeupe laini: ikitoka na mafuta au rangi, aulize kwa nini. Kisha amulike kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno ya nanomita 365 sehemu yenye giza. Gundi nyingi hung'aa buluu nyeupe, na mstari unaong'aa kati ya fuwele ni mahali palipobandikwa. Asichanganye na kalsaiti, ambayo nayo yaweza kung'aa, ila hiyo hung'aa ikiwa bonge zima, si uzi. Kurekebishwa kwa jiwe la tani si aibu, kwani mengi hutoka vipandevipande. Inapaswa tu kusemwa na kuandikwa kwenye risiti.

Ncha zilizovunjika zina uso wa kung'aa uliopinda, tofauti kabisa na uso bapa wa asili. Chache pembezoni husameheka. Zikiwa katikati, bei ishuke. Aangalie pia kama fuwele za sehemu moja zina ukubwa au mwelekeo usiolingana na za jirani bila sababu, hasa panapokutana na ukingo: huenda pengo limezibwa kwa fuwele za jiwe jingine. Rosa za kalsaiti zilizokaa juu ya zambarau zikiwa nzima huongeza thamani sana, hivyo ndizo zinazobandikwa mara nyingi. Atazame zinapogusana na amethisti. Ya asili huwa imezifunika ncha na kuchukua umbo lake, ya kubandikwa huacha upenyo. Sindano za kahawia ndani ya fuwele, zinazouzwa kwa jina la kakokseniti, kwa kawaida ni gothaiti. Ni nzuri, ila asilipie jina. Na madai kwamba jiwe litaponya wageni au kuvuta wateja hayana ushahidi wowote, asiyaingize kwenye bei.

Umeuliza pembeni kama kwetu zinaweza kupatikana. Amethisti Afrika ipo, na Kalomo kule Zambia inatoa nzuri mno, lakini hiyo hutoka kwenye mishipa ya kwatzi, si matundu makubwa ya lava. Lava za Bonde la Ufa nyingi ni changa kwa kazi hii. Kilimanjaro ulianza kujengeka chini ya miaka milioni 3 iliyopita, na tumeona jeodi inahitaji muda wa maji na muda wa mionzi.

Sasa kuliweka. Sakafu ya ghorofa kwenye nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kwa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Jiwe la kilo 300 lenye kitako cha sentimita 40 kwa 40 linakandamiza kwa kilo 1,875 kwa mita hiyo. Likiwekwa juu ya jukwaa gumu la chuma lenye mita 1.2 kila upande, mgandamizo hushuka hadi karibu kilo 208, bila kuhesabu jukwaa lenyewe. Ukumbi wa hoteli huwa imara zaidi, lakini jiwe la tani moja na kuendelea liwe sakafu ya chini kabisa, na mhandisi wa jengo aone michoro kwanza. Kathedrali ni ndefu na nyembamba, na watoto watataka kuingia ndani. Ifungwe kwa nyuma, kwa ukanda wa chuma ulioshikwa ukutani au kwenye nguzo, kwa sababu kitako cha saruji peke yake hakiizuii kuanguka mbele.

Isikae kwenye jua la dirishani. Rangi ya amethisti hupauka kwa mwanga wa jua wa miaka, na Dubai hilo si jambo la kupuuza. Taa ziwe za LED, si halojeni za moto zilizoingizwa ndani ya kuba. Kusafisha ni kwa brashi laini, maji ya uvuguvugu na matone ya sabuni, kisha maji safi na kukausha kwa hewa. Mfanyakazi wa usafi aambiwe mapema kwamba siki, ndimu na dawa za choo haziruhusiwi, kwani huila kalsaiti ndani ya dakika. Mvuke wa moto pia hapana, kwa sababu fuwele zenye nyufa za ndani hupasuka zaidi.

Wakati wa kusafirisha, kreti iwe ya mbao nzito, jiwe lilazwe chali, uso wazi ukitazama juu, mgongo ukiwa umelala kwenye povu gumu lililokatwa kufuata umbo lake. Mikanda ishike ganda la nje tu, kamwe isipite kwenye ukingo uliong'arishwa. Ndani ya kuba kuachwe wazi bila kujazwa kitu, kwa kuwa vijazo vikigandamizwa njiani ndivyo vinavyovunja ncha. Apige picha za kila upande pamoja na zile sehemu tatu alizopima kwa rula, muuzaji azisaini, na nakala ipigiliwe ndani ya kreti kabla haijafungwa.